Waliokuwa na ndugu Vita ya Kagera (ile ya Tanzania na Idi Amin wa Uganda), zile barua zilisemaje? Tupeane uzoefu

Ngosha_Mstaafu: Wakuu, nimefungua sanduku la bati la marehemu mama nikakuta barua za kaka yangu za 1979 toka Masaka, Uganda. Zote zinaanza "salamu nyingi kama mchanga wa baharini, mimi huku ni mzima wa afya sijui ninyi huko". Mzima wa afya na mabomu yanapita kichwani! Wenye zenu mwageni hapa.

kibatari: Mzee wangu hivyohivyo aisee. Mapigano ya Lukaya hakuwahi kuyagusa kwenye barua, tumekuja kuyasikia akishalewa.

Binti_wa_Mgambo: Umenikumbusha mbali. Sisi wa Tarime, baba alikuwa mgambo tu, akachukuliwa mwisho wa 78 baada ya Mwalimu kutangaza redioni ile sababu tunayo nia tunayo. Barua zake alikuwa anatusomea baba mdogo maana mama ilijulikana hajui kusoma. Ya mwisho ilitoka Lira mwezi wa tano, baba mdogo akasoma kwa sauti eti kaka anasema nikitangulia mdogo wangu akutunze wewe na ng'ombe wangu. Mama kimya, akaomba tu karatasi aitunze. Kumbe alishamaliza kisomo cha ngumbaru hakumwambia mtu!! Taarifa ya kifo ikaja, siku ya kikao cha ukoo baba mdogo kavaa koti kabisa anasubiri kukabidhiwa, mama akasimama akafungua kitenge akatoa barua akaisoma mwenyewe neno kwa neno: uza ng'ombe wasomeshe watoto, usikubali mtu akuhamishe hapo.

Mzukulu: 😳😳 EEEH

Chalii_Mbishi: Chai. Kampala imeanguka tarehe 11 Aprili, mwezi wa tano anapigana na nani?

Ngosha_Mstaafu: Dogo rudi shule. Kampala ilianguka ndiyo ila vijana walisonga Jinja, Lira, mpaka mpakani na Sudan mwezi wa sita. Unadhani walipanda basi wakarudi kesho yake?

Chalii_Mbishi: Sawa mzee usipaniki, nimeuliza tu

mama_Kemi: Sisi wa Kyaka barua za nini, tulikuwa tunakimbia, daraja limelipuliwa, postamani atakupata wapi porini. Tulikuwa tunasikiliza RTD, Radio Tanzania, basi.

kibatari: Ngosha hizo karatasi kalamineti haraka.

Mzukulu: Asilamineti! Joto linaweza kuziharibu. Piga picha, zitunze pakavu humo sandukuni.

Lodilofa: Mi ningezichoma, marehemu apumzike. Ila zenye deni asichome 😂

mama_Kemi: Tuacheni na lamineti nyie, Binti rudi hapa. Baba mdogo alifanyaje??

Binti_wa_Mgambo: Alisema giza lilimchanganya siku ile anasoma. Wazee wakacheka mpaka kikao kikavunjika.

mama_Kemi: Na ng'ombe?

Binti_wa_Mgambo: Walirudi. Ila dume alishaliuza, ndo koti lile.