Nataka kuwa saisi, yaani mtunza farasi. Naanzia wapi?

kijana_wa_mkomani

Salaam wakubwa. Nina miaka 20, mzaliwa wa Lamu, mtaa wa Mkomani. Kidato cha nne nilimaliza mwaka juzi nikapata D+. Babu alikuwa mtu wa punda, baba pia, na mimi tangu darasa la tatu nasomba mchanga na simenti kwa shogi, ile mifuko ya mgongoni mwa punda, kutoka gatini. Mbio za punda za Maulidi nimeingia mara tatu, mara moja nikatoka wa pili. Aliyenishinda alinikata njia, lakini hayo tuyaache.

Sasa niko Kawangware kwa mjomba, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma. Jumapili moja alinipeleka Ngong Racecourse. Watu wote wanapiga kelele nani kashinda, mimi macho yangu yako kwa wale jamaa wanaowatembeza farasi kwenye duara kabla ya mbio. Farasi ana jasho, masikio yanacheza, na jamaa anamsemesha polepole kama mtu na nduguye. Tangu siku ile sichomelei vizuri. Mjomba ameliona hilo.

Naomba kuuliza: kuna chuo cha kazi hii? Cheti kinahitajika? Na kuna wakala mmoja hapa mjini anataka elfu 45, anasema ndani ya wiki tatu nitakuwa Ghuba nahudumia farasi. Mjomba anasema nisimpe hata shilingi. Mimi sijui nimwamini nani.

pesa_kwanza

Farasi ni wa matajiri. Hizo elfu 45 ni deposti ya bodaboda. Haili majani na haipigi teke.

saisi_wa_alfajiri

Mdogo wangu wa Mkomani, nakujibu saa nne za usiku na saa kumi alfajiri natakiwa niwe nimeamka. Ukiona hilo halikutishi, endelea kusoma.

Huu ni mwaka wangu wa 22 katika kazi hii. Chuo cha usaisi usikitafute, utamaliza nauli. Masaisi wote niliofanya nao kazi walifundishwa na saisi mwingine, na huyo naye vivyo hivyo. Cheti chako cha kwanza ni mtu mmoja anayejulikana akisema, "huyu namjua, haibi pumba na halewi."

Fanya hivi. Panda matatu ya 111 ya Ngong, ushuke Racecourse. Usichanganye na Racecourse Road ya mjini. Kabla ya 1954 mbio zilikuwa upande ule, uwanja ukahama jina likabaki. Nimewahi kumngoja kijana asubuhi nzima, kumbe yuko Kariokor anawauliza wauza viatu farasi wako wapi.

Usije Jumapili. Siku ya mbio kila mtu ana presha, farasi wa kwanza. Njoo Jumanne au Jumatano, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, farasi wakiwa mazoezini. Usimtafute mwenye farasi wala mkufunzi. Mtafute saisi mkuu wa zizi, kila mkufunzi ana wake. Msalimie, mwambie unatafuta kibarua cha kuzoa mbolea. Neno "kupanda" lisikutoke kabisa. Kila wiki anakuja kijana anayetaka kuwa joki, na leseni ya joki inatolewa na Jockey Club, wasimamizi wa mbio, haitolewi na sisi huku kwenye toroli. Kama una kilo 50 na mikono mitulivu, watakuona wenyewe.

Ukikataliwa, nenda zizi linalofuata. Mimi nilikataliwa mara sita. La saba nilichukuliwa kwa sababu saisi wao alikuwa kwao kwenye mazishi, nikalipwa 150 kwa siku.

Sasa hayo ya punda. Umefika ukiwa na kitu ambacho vijana wa mjini hawana: huogopi mnyama mkubwa na hushangai harufu. Lakini mengine itabidi uyasahau. Punda akiogopa husimama kama ukuta. Farasi akiogopa huondoka, na kama umejizungushia kamba mkononi mnaondoka wote wawili. Kamba ikunje, uishike katikati ya mikunjo, usiivishe mkono kama bangili. Ninaye rafiki mwenye vidole tisa atakueleza vizuri kuliko mimi. Na ule mkao wenu wa Lamu, wa kukaa kule nyuma karibu na mkia, mwachie punda. Ukimkalia farasi wa mbio hivyo, utatua chini kabla hujamaliza Bismillahi.

Usimpite farasi kwa nyuma kimyakimya. Mwaka wangu wa pili nilimpita jike mmoja mwekundu, mpole, nimemlisha mwezi mzima. Sikusema neno. Alikuwa amesinzia. Mbavu mbili. Mwajiri wangu wa wakati ule alinipa mia tano ya teksi, na wiki iliyofuata nikakuta mtu mwingine ameshika toroli langu. Kwa hiyo uliza mapema kuhusu bima ya kuumia kazini, kuna sheria yake tangu 2007. Uliza kwa adabu, lakini uliza. Mwaka huohuo ndio wa Sheria ya Ajira pia: kibarua akifanya siku mfululizo zikatimia mwezi, si kibarua wa siku tena. Ndiyo maana wengine hukuambia "pumzika kidogo" siku ya ishirini na tano. Weka daftari la siku zako.

Kabla hujaja, pitia zahanati uchanjwe pepopunda. Jina lenyewe linakuonya: vijidudu vyake viko kwenye udongo na mbolea, na msumari wa kiatu cha farasi hauchagui mguu.

Mwezi wa kwanza utazoa, utachota maji, utachokoa kwato. Maji usiyadharau. Farasi mmoja anakunywa lita 25 hadi 45 kwa siku, na ukikuta ndoo ya jioni bado imejaa asubuhi, hiyo ni habari, mwambie mtu. Farasi hawezi kutapika. Kilichoingia lazima kipite kote kitokee upande wa pili, kwa hiyo tumbo likisokota linaweza kumuua kabla ya jua kuzama. Akikataa chakula, akigeuka kuangalia ubavu wake, akilala na kuinuka, na hakuna mavi mapya kwenye banda, acha chai yako hapohapo ukamwite saisi mkuu. Kijana aliyeona jambo hilo mapema saa kumi na moja alfajiri, sisi tulimwandika kazi siku ileile. Hakujua hata kufunga mkanda wa tandiko.

Kingine: huko kwenu Lamu kuna kliniki ya punda tangu miaka ya 1980. Kama wanakujua pale, omba barua ya mistari mitatu kwamba unawatunza wanyama vizuri. Barua hiyo nitaisoma kabla ya KCSE yako.

daktari_msaidizi_gilgil

Namuunga mkono mzee hapo juu, ila kwenye cheti tunatofautiana kidogo. Mimi nilisoma afya ya mifugo katika chuo cha AHITI, Kabete, na mwalimu alitaja farasi kwa kupita tu, tukarudi kwa ng'ombe. Hata hivyo cheti kile ndicho kilichonitoa kwenye toroli. Madaktari wa farasi nchini ni wachache, hivyo saisi anayeweza kumweleza daktari kwa simu joto na mapigo ni mtu wa maana sana. Nunua kipimajoto chako mwenyewe. Farasi mzima aliyetulia ana nyuzi 37.5 hadi 38.5, na moyo hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Mapigo yasikilize chini ya taya, kwa vidole, bila kubonyeza sana. Pima farasi walewale kila siku uandike, ili siku mmoja akibadilika ujue.

Mbio si mlango pekee. Kuna shule za kupanda farasi Karen. Kuna safari za watalii kwa farasi Laikipia na Maasai Mara, ambako saisi anayejua njia na Kiingereza kidogo hakai bila kazi. Kuna polo, Nairobi na huku kwetu Gilgil. Polo inahitaji mikono mingi: timu ina wachezaji wanne, kila mmoja hubadilisha farasi kila baada ya dakika saba na nusu hivi za mchezo. Wiki ya mashindano hatuulizi umesoma wapi, tunauliza kama unaweza kushika farasi watatu bila kuachia mmoja. Kazi ni ya msimu, lakini ndipo utakapojulikana.

Kikosi cha polisi cha kuzuia wizi wa mifugo kiko hapa Gilgil na kina farasi na ngamia. D+ ndiyo alama ambayo polisi hutangaza wanapoajiri makonstebo. Ila ukishavaa sare, wao ndio wanaoamua utapangiwa wapi. Unaweza kutaka farasi ukapewa barabara.

Jambo la mwisho, kwa sababu utalisikia: kuna ugonjwa wa farasi unaoletwa na visubi wadogo wanaouma machweo na usiku. Punda wako huupata wala hutajua, pundamilia vilevile. Farasi hufa nao. Kwa hiyo mkubwa wako akikufokea kwa kuchelewa kuwaingiza bandani jioni, usinune. Na wasichana wanaosoma hapa: nasi tumo. Nilipoanza niliambiwa nikapike chai. Nilipika wiki moja.

nimerudi_ghuba

Kijana, mtii mjomba wako. Nimefanya miaka minne Imarati kwenye mbio za masafa marefu, na nitakwambia tofauti ya kazi na utapeli.

Mwenye zizi wa kweli atakuuliza umefanya na farasi wa aina gani, umeanguka mara ngapi, atataka video ukimfunga mnyama lijamu na tandiko. Mimi niliulizwa nimnyanyue farasi mguu mbele ya simu. Huyo wako amekuuliza nini kuhusu farasi? Kama hakuuliza lolote, basi hana farasi. Mamlaka ya Taifa ya Ajira ina orodha ya mawakala wenye leseni mtandaoni, tafuta jina lake. Halafu soma viza imeandikwa kazi gani. Tulisafiri wanane. Wenzangu wawili karatasi zao zilisema "mfanyakazi wa shamba" wakaambiwa ni neno tu. Waliishia kuchunga mbuzi jangwani, farasi waliwaona kwenye televisheni.

Kazi yenyewe naipenda mpaka leo. Mbio ni kilomita 120, au 160. Farasi akiingia kituoni tunamvamia kwa maji ya barafu, shingo, kifua, miguu, mtu mmoja ameshika kipimo cha moyo anasoma namba kwa sauti. Lazima mapigo yashuke hadi 64 ndipo umpeleke kwa daktari. Ukimwahisha akapimwa 66, ni balaa. Ukimchelewesha, muda unahesabiwa. Wewe hujapanda hata hatua moja, lakini mbio ziko mikononi mwako. Kiangazi tunaanza saa tisa usiku kwa sababu jua likishatoka hakuna wa kufanya kazi, si mtu si mnyama.

Lugha haikunisumbua. Farasi ni neno lao, saisi ni neno lao, nilifika nikaona nusu ya zizi nalijua. Lakini nenda ukiwa na miaka miwili mitatu ya hapa nyumbani. Anayekwenda bila ujuzi hana la kumwambia tajiri anapopunguziwa mshahara.

kijana_wa_mkomani

Shukrani zenu wote. Wakala nimempigia nikamuuliza farasi wa huko ni wa mbio au wa polo. Akasema, "ni wa kawaida." Nimefuta namba.

Mzee saisi, nilikwenda Jumatano. Zizi la kwanza hapana, la pili hapana, la tatu mzee mmoja akanitazama miguu akaniuliza mbona nimekuja kazini na makubadhi. Sikuwa na jibu. Akanipa toroli hivyohivyo. Nimefanya siku tatu. Jana nilikuta ndoo imejaa, nikaenda mbio kumwambia. Akaja, akaangalia, akasema farasi huyo alihamishwa banda usiku, ndoo haina mwenyewe. Wote walicheka.

saisi_wa_alfajiri

Wacha wacheke. Amekuambia urudi Jumatatu?

kijana_wa_mkomani

Amesema nije na gambuti.