TUPEANE UZOEFU: Gari lina waranti, lina mlio, ukilifikisha gereji mlio unapotea

Kelele za Alfajiri (mwenye uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nilinunua gari zero kilometa hapa Dar, waranti miaka 3 au kilometa 100,000, kitakachotangulia. Mwezi wa saba likaanza mambo. Nikiwasha alfajiri na kutoka geti tu, chini kunaita chechechecheche kama mtu anatikisa kopo la misumari. Nikifika Buguruni limenyamaza. Nikiingia shorumu saa tatu, baada ya foleni ya Mandela, gari kimya kama limekula yamini.

Mara ya kwanza fundi alizunguka nalo mtaani dakika kumi: "Bosi, gari yako nzima." Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu nikaambiwa kwa upole kwamba magari mapya yana sauti zake, nitazoea. Nilirudi nyumbani nikamuuliza mke wangu kama na yeye huwa anasikia, maana unafika mahali unaanza kujitilia shaka.

Aliyenikomboa ni mzee wa mtaani, dereva mstaafu wa malori. Aliniuliza swali moja: "Linalia likiwa la baridi, likipata moto linaacha?" Ndiyo. "Basi lipeleke likalale kwao." Nikalipeleka jioni. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikawa getini namsubiri fundi, na nilishaomba mtu asiliwashe mpaka tuwe wote wawili. Akawasha, akagusa mafuta kidogo: chechechecheche. Kijana wa watu akainama.

Lilipopandishwa, kumbe ni bati linalokinga joto la ekzosi, limeachia pale lilipochomelewa. Chuma kikipata moto kinatanuka, bati linabana, kelele inakufa. Kazi ya dakika ishirini imenitesa wiki sita. Nyie yenu iliishaje?

Mkaazi wa Ruiru
Kwangu haikuwa kugonga, ilikuwa mvumo. Thika Road nikifika 80, gari inavuma kama ndege inataka kupaa. Wakaniambia ni tairi, na tairi haziko kwa waranti. Sawa. Nikahamisha za mbele nikaweka nyuma, za nyuma mbele. Kama ni tairi, si mvumo ungehama nazo? Haukuhama. Tena nilikuwa nimeona nikikata kushoto unazidi, nikikata kulia unapungua. Ukikata kushoto uzito unalalia kulia, kwa hivyo nikawaambia wakague beringi ya mbele kulia.

Beringi ikakubaliwa imekufa, halafu ikaja hadithi mpya, ati niligonga shimo kwa hivyo kosa ni langu. Nikaomba rimu iwekwe kwa mashine ya balansi ikizunguka mbele yangu. Imenyooka! Wakabadilisha bure. Alaimenti nikalipa mwenyewe, sikuwa na nguvu ya vita vingine.

Mjukuu wa Korogwe
Mimi nitasema tu ili mnicheke. Kila tuta, ngo! Nimelalamika, wamefungua shokapu, wamekagua bushi, stabilaiza linki, bol jointi, gari siku mbili kwao. Siku ya tatu napigiwa simu: "Mzee, njoo na mkeo." Chini ya tairi la spea kulikuwa na mchi wa kinu. Bibi alimpa mama watoto tulipotoka Korogwe, na aliyepakia akaona hapo ndipo pakavu. Hawakunitoza hela, ila kwenye karatasi waliandika "mchi", na karatasi ninayo.

Msafiri wa Mtumba
Sisi tulioagiza Japani tunasoma tu. Waranti yetu iliishia bandarini.

Baridi Kali
Niko Minnesota. Huku asubuhi ya Januari nyuzi 25 chini ya sifuri si ajabu, na gari langu likiwashwa lilikuwa linakwaruza sekunde tatu hivi upande wa cheni ya injini, kisha basi. Nimekwenda mara tatu. Mara zote jibu lilikuwa moja: tumejaribu, hatukuusikia.

Ila kila safari nilikataa kuondoka bila karatasi yenye tarehe, maili za siku hiyo, na malalamiko yangu kwa maneno yangu. Waranti ya injini ilikuwa miaka 5 au maili 60,000. Kigandamiza cheni, kile kinachoikaza isilegee, kikatangaza kifo nikiwa na 61,000. Meneja akaanza kunipa pole. Nikamtandazia karatasi tatu mezani, ya kwanza ina maili 38,000. Wakatengeneza, na pole yake nikamrudishia.

Mnaoishi Marekani jueni mambo mawili. Makampuni hutuma nyaraka za kiufundi kwa mafundi wao kuhusu milio inayojulikana, na nyingi zinasomwa bure kwenye tovuti ya NHTSA, wakala wa serikali wa usalama wa magari. Nyingine, kuna sheria ya mwaka 1975 iitwayo Magnuson-Moss: hawawezi kufuta waranti kwa sababu tu oili ulibadilisha kwingine. Tunza risiti.

Spana 17
Nimefanya kazi gereji ya wakala miaka mingi, niwatetee wenzangu kidogo. Fundi hakuiti muongo. Kazi ya waranti inalipwa na kiwanda, kwa muda uliopangwa, na kiwanda kinataka kuona kifaa kibovu. Saa nne nilizotafuta mlio nisiupate hazina wa kunilipa. Kwa hiyo nisaidie niupate haraka.

Usiniambie "linalia mbele". Niambie kama linalia likisimama au likienda. Ukikanyaga breki linaacha? Usukani ukiukata hadi mwisho linafanya tak-tak-tak? Hapo naanza na sivi jointi, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye tairi. Rekodi kwa simu, lakini rekodi na kioo cha dashibodi kionekane, nijue spidi na rpm, yaani mizunguko ya injini kwa dakika. Na kaa wewe kwenye usukani, mimi nikae pembeni, maana kila mtu ana mguu wake. Wengi mlio wanautengeneza wenyewe kwa namna wanavyoendesha.

Na toa mizigo yote kabla hujaja. Korogwe, nakuona.

Bwana wa Chukwani
Fundi Spana, wangu unalia pale tu mke wangu anapokaa kiti cha mbele kushoto. Nikiwa peke yangu, kimya. Nikimpakia fundi, kimya. Sijui nianzie wapi kuandika hili kwenye fomu.

Spana 17
Uzito, bwana. Fundi wako mwembamba?

Bwana wa Chukwani
Kama uzi. Lakini hilo mimi siwezi kumwambia mke wangu, tafadhali.

Spana 17
Usimwambie. Mwambie mnatoka jioni, pita gereji njiani.

Bwana wa Chukwani
Amekubali. Sharti lake tumalizie Forodhani na nisiguse redio.