Nafunga oda ya BMW 330i wiki mbili zijazo: nichague vikorombwezo gani kwa barabara zetu za Arusha na Moshi?

Mleta uzi (Njiro)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnishauri kabla sijaweka sahihi. Nauza vifaa vya ujenzi mwaka wa kumi na nne sasa, na muda wote huo nimeendesha magari ya mtumba kutoka Japani. Safari hii naagiza gari jipya kabisa, la kwanza maishani mwangu, na roho imeangukia BMW 330i. Injini nimeshamaliza: silinda nne, lita mbili, turbo. Kinachoninyima usingizi ni orodha ya nyongeza niliyopewa na wakala. Kurasa nne!

Nimetenga milioni 18 za nyongeza. Nikijumlisha ninavyovitamani, inafika mara mbili ya hiyo. Vinavyogombea ni hivi: kifurushi cha M Sport (bampa, usukani na siti za kimichezo) chenye rimu za inchi 19, shokapu za kielektroniki, dirisha la paa, spika za Harman Kardon, taa zinazojirekebisha zenyewe usiku, siti za ngozi rangi ya maziwa (hii ni ya mke wangu), kifurushi cha kumsaidia dereva (gari kujishika lenyewe kwenye njia yake), na xDrive (injini kusukuma magurudumu yote manne).

Matumizi yangu: Njiro hadi mjini kila siku, Moshi mara mbili kwa wiki, Dodoma mara moja kwa mwezi. Desemba tunapanda nyumbani Kibosho, na kipande cha mwisho cha kufika kwa wazee ni vumbi na mawe. Nataka nikae nalo miaka kumi. Mwenye uzoefu anisaidie.

Fundi wa Unga Limited

Hongera mkuu. Anza na rimu, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia.

Tairi ya inchi 17 ya gari hilo ni 225/50: upana milimita 225, na ukuta wa mpira ni asilimia 50 ya upana huo, yaani kama milimita 112. Inchi 18 ni 225/45, ukuta unashuka hadi 101. Ukienda 19, mbele unafungiwa 225/40, ukuta milimita 90, na nyuma 255/35, ambayo ni 89. Hizo sentimita mbili na kitu unazopoteza kutoka 17 hadi 19 ndizo zinazomeza shimo kabla halijafika kwenye rimu. Rimu zilizopinda naletewa kila wakati, na hadithi ni ile ile: kingo ya lami iliyomomonyoka, au tuta lililofutika rangi, usiku. Ikipinda inanyooshwa. Ikipasuka, usikubali mtu akuchomelee ukaenda nayo Dodoma na watoto.

Jambo la pili watu hawalifikirii. Kwenye 19 tairi za mbele na za nyuma ni saizi tofauti, kwa hiyo huwezi kuzizungusha zilike sawasawa. Utanunua za nyuma mapema, na saizi hiyo huikuti kila duka hapa Arusha.

Mdau wa Kisongo

Fundi naheshimu mahesabu yako, ila sikubaliani na kumtisha mwenzetu. Hilo ni gari la michezo. Ukilivalisha rimu ndogo na bampa za kawaida, miaka kumi utalitazama ukijua si lile ulilolitaka. Mimi ninalo lenye M Sport na rimu za 18, natembea bypass ya Usa River hadi Kisongo karibu kila siku, naendesha kwa akili, sijapinda rimu hata moja. Usukani wa M Sport ni mnene, unajaa mkononi, na siti zinakushika kwenye kona. Hivyo huwezi kuvinunua baadaye vikakaa kama vya kiwandani. Chukua M Sport, ila shuka hadi 18.

Fundi wa Unga Limited

Kwenye 18 tunaelewana. Ila mkuu, muulize wakala kama M Sport inaweza kuja na springi za kawaida. Zile za M Sport zinashusha gari milimita 10, na hizo shokapu za kielektroniki nazo zinashusha 10 hizo hizo. Milimita 10 Ulaya si kitu. Kwa matuta ya hapa, gari likiwa na watu watano na mizigo kwenye buti, utasikia tumbo linakwaruza. Na siku shokapu moja ya kielektroniki ikivuja, bei yake si ya shokapu ya kawaida, tena utaisubiri kutoka nje.

Dada wa Shantytown, Moshi

Shemeji wa Njiro, mimi naomba nizungumzie dirisha la paa na siti, maana nimeishi navyo.

Gari langu la mwanzo lilikuwa na dirisha la paa, na nililipenda sana wiki ya kwanza. Baada ya hapo jua la saa sita Moshi likanifundisha kulifunga pazia lake, na likabaki limefungwa. Maji yanayoingia pembeni mwa kioo kile hushuka kwa mirija membamba iliyopita kwenye nguzo za gari. Nilikuwa naegesha chini ya mjakaranda. Maua yalipodondoka yakachanganyika na vumbi, mirija ikaziba, mvua iliponyesha maji yakashukia kwenye zulia la abiria. Harufu ile haikutoka miezi mitatu. Kama huna banda la kuegeshea, acha.

Siti rangi ya maziwa, nisamehe kwa mkeo. Vumbi letu jekundu likikutana na jasho linaingia kwenye mishono na halitoki. Mwonyeshe ya kahawia, inapendeza na inavumilia. Kuna pia ngozi ya kutengeneza wanayoiita Sensatec, inafutika kwa kitambaa kibichi, na kama una watoto wa kumwaga juisi utashukuru.

Mtoa mizigo bandarini

Mkuu, kabla ya yote: bei zilizo kwenye hizo kurasa nne ni kabla ya kodi au baada? Ushuru hukokotolewa kwa thamani ya gari pamoja na bima na usafiri, na kila nyongeza ya kiwandani imo humo. Nyongeza ya milioni 4 ukiiwekea ushuru wa forodha wa asilimia 25 inakuwa milioni 5. VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya hiyo 5, unafika 5.9. Hapo sijagusa ushuru wa bidhaa na tozo nyingine. Kama bei zako ni kabla ya kodi, milioni 18 zako kwa kweli hazifiki 12 za nyongeza.

Na wakikushawishi upande M340i ya lita tatu, kumbuka 330i ina cc 1,998. Ukivuka 2,000 ushuru wa bidhaa nao unapanda.

Mleta uzi (Njiro)

Mtoa mizigo, nimempigia wakala sasa hivi. Ni kabla ya kodi. Nashukuru mno, hakuna aliyeniambia hilo.

Basi dirisha la paa nimelifuta, spika nimezifuta. Shokapu za kielektroniki nazo nimeziacha kwa uchungu. Zimebaki xDrive, taa, na kifurushi cha kumsaidia dereva.

Dereva wa njia ya Dodoma

Taa, mkuu. Usiziache. Njia yako ya Dodoma inapita Makuyuni na Minjingu, na pale Kwakuchinja wanyama wanavuka kati ya Tarangire na Manyara. Nimewahi kumkuta twiga amesimama katikati ya lami saa mbili usiku. Miguu ndiyo niliyoiona kwanza. Taa inayoacha mwanga mrefu mbele na kumkwepa anayekuja ni uhai wako, na ukiifunga baadaye gereji haitafanya kazi hiyo. Mifugo pia, jioni inarudi nyumbani bila kuangalia saa.

Kifurushi cha kumsaidia dereva kinategemea mistari ya barabarani. Nenda kaangalie mistari kati ya Kikatiti na Boma Ng'ombe, kisha ufikirie bodaboda anayechomoka pembeni na Noah inayosimama ghafla kushusha abiria. Utakizima. Kamera ya nyuma hakikisha imo.

Na hujataja spea. Gari hilo mara nyingi linakuja na tairi za ranflati, zile zenye kuta ngumu zinazotembea hata bila upepo, halina tairi la akiba. Ranflati ikiishiwa upepo unaruhusiwa kama kilomita 80, kwa mwendo usiozidi 80. Arusha hadi Moshi utafika. Kati ya Babati na Kondoa usiku, sikuhakikishii. Omba spea nyembamba. Wasipokuwa nayo, nunua yako ukae nayo kwenye buti pamoja na jeki.

Mdau wa Kisongo

xDrive mimi ningeiacha. Masika ya Kibosho tope linateleza kweli, lakini kinachokukwamisha kule ni uvungu, na xDrive haiinui gari. Desemba mara nyingi njia ni kavu, na ikinyesha utaazima gari la juu kwa siku mbili.

Mleta uzi (Njiro)

Nimekaa na mke wangu tumepiga hesabu upya, kodi ikiwemo. M Sport na rimu za 18, springi za kawaida (wakala amekubali kuuliza kiwandani). Taa zinazojirekebisha. Sensatec ya kahawia, na ameikubali alipoiona, dada wa Moshi nakushukuru. Kamera ipo tayari. Spea nyembamba. Vyote vimeingia, na zimebaki kama laki nane.

xDrive nimeiacha. Baba mkwe amesema gari litalala kwa jirani pale lami inapoishia, sisi tutapanda kwa miguu, mzigo utabebwa na vijana.

Kimebaki rangi. Mimi nataka bluu, mke anataka nyeupe. Wenye magari ya bluu Njiro na Moshono, vumbi linaonekana kiasi gani kiangazi?