Mrejesho: mashine ya msasa iliyokuwa inakula upande mmoja

Wakuu, nilieleza kuwa mbao zinatoka nene kushoto, nyembamba kulia, tena na michirizi ya kuungua. Kumbe rola inayozungushiwa msasa haikuwa sambamba na meza! Nilipitisha vipande viwili vya mninga, kimoja kila upande, bila kugusa kimo cha mashine. Tofauti ya unene: nusu milimita. Nikalegeza bolti za upande mmoja, nikarekebisha kidogo kidogo, nikapima tena mpaka vikalingana. Jioni nzima iliishia hapo.

Kuungua ni uzembe wangu: msasa namba 120 ulijaa utomvu wa msindano, nami nilikuwa nakula kina kwa pupa, yaani naondoa mbao nyingi kwa mara moja. Sasa naanza na namba 80, yenye chembe kubwa zaidi, robo milimita kila ninapopitisha. Mkanda unaosukuma mbao bado unahama kulia. Kesho nashika spana.