Joho la buluu kugeuka jeusi jukwaani

Swali: Ndugu zangu, tunafanya mazoezi ya "Mabepari wa Venisi", tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969 ya tamthilia ya Shakespeare, katika ua mmoja hapa Kariakoo. Kwa nini joho la buluu la Portia, katika onyesho la kesi, huonekana jeusi chini ya taa ya manjano?

Jibu: Nadhani ni taa ya sodiamu ya mgandamizo mdogo, ambayo karibu mwanga wake wote unaoonekana uko kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 589, yaani manjano, na kwa kuwa kitambaa cha buluu hufyonza mwanga huo, hakuna kinachorudi machoni.

Jibu: Kuhakikisha, inamisha sidii (CD) chini ya taa hiyo; ikiwa ni ya sodiamu, badala ya upinde wa mvua utaona manjano tupu.

Muulizaji: Kweli, manjano tupu! Ahsante, dada, tutaweka taa za halojeni, zenye mwanga wa rangi zote.