Naombeni ushauri: kumtumbua mbuzi kihambani bila kuharibu nyama

Mwana wa Uru:
Habari zenu wakuu. Tarehe 27 Desemba ukoo unakutana nyumbani Uru, kwenye kihamba chetu, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, na safari hii mbuzi wawili nimeachiwa mimi. Baba mkubwa, aliyekuwa akishika kisu miaka yote, mkono sasa unamtetemeka. Ustadhi jirani yetu atachinja ili mashemeji Waislamu nao wale. Akishamaliza, kuchuna na kutumbua ni kwangu.

Mwaka jana nilimsaidia binamu. Tulimlaza mbuzi juu ya majani ya mgomba kando ya mfereji, kisu kikazama, tumbo likapasuka. Yale majani yaliyotafunwa yakamwagika mpaka kwenye sarara. Tukamwagia maji ya mfereji, harufu ikabaki palepale. Mama alikaa kimya akichambua vipande vya kuwapa wageni, na ile sura yake sijaisahau.

Nimfanyie wapi, nianzie wapi, na vya ndani nivipeleke wapi?

Fundi wa Bucha Majengo:
Pole sana, mangi. Hilo lilianza kuharibika kabla ya kisu. Jioni ya tarehe 26 mwondolee majani, mwachie maji tu. Tumbo lililojaa linakaza kama mpira, ukiligusa kwa ncha limekwisha. Likipungua, unapata nafasi ya kupitisha vidole.

Usimlaze. Tafuta tawi gumu la mparachichi au mringaringa, penye kivuli, mbali na mfereji. Damu ikiisha, toboa kati ya mfupa na ule mshipa mnene juu ya kisigino cha miguu ya nyuma, pitisha kamba, mtundike kichwa chini. Chuna kwanza. Ngozi ikishaachia kidogo, sukuma kwa ngumi, kisu kipumzike. Mkono ulioshika manyoya usiguse nyama mpaka unawe.

Sasa sikiliza hapa, maana wengi hupenda kuparuka hatua hii. Kabla ya kufungua tumbo, funga njia mbili. Shingoni tafuta umio, ile njia laini ya chakula, siyo bomba la hewa lenye mapete magumu. Huo umio ndio uupige fundo. Nyuma, zungusha ncha ya kisu kuuzunguka mkundu, uvute nje kidogo, ufunge kwa kamba. Hapo hakuna kitakachovuja.

Kisha toboa tundu dogo chini ya kinena. Ingiza vidole viwili vya mkono wa kushoto, kisu kikae katikati yake, makali yakitazama nje, yasilielekee tumbo. Shuka taratibu mpaka kidarini. Vidole ndivyo vinavyolisukuma tumbo nyuma, na vyote vitaanza kushuka kwa uzito wake. Mtu wa pili awe na beseni. Kibofu kibane shingoni kwa vidole ndipo ukate. Nyongo usiivute: kata pamoja na kipande cha ini, bora upoteze ini kidogo kuliko uchungu usambae.

Ikitokea pamechafuka, weka ndoo ya maji mbali. Maji yanasambaza uchafu nyama nzima. Kata palipoguswa, tupa, osha kisu, endelea.

Mama Kihamba:
Mwanangu, andaa mabeseni matatu: la utumbo na matumbo, la ini, moyo na figo, na la damu kama wazee watataka kisusio, ile supu ya damu. Maji ya bomba uyateke mapema. Utumbo usioshewe mferejini, wenzetu wa chini wanachota hapo. Na usiwaachie mabinti kazi hiyo saa kumi jioni, imeshanuka. Ioshwe palepale.

Nipo Wisconsin:
Mimi ni wa Marangu, huku Wisconsin, Marekani, nawinda na wenzangu wa kazini kila Novemba. Mawindo yetu ni kulungu mwenye mkia mweupe, siye kulungu wetu wa msituni, jina tunamwazima tu. Yeye hutumbuliwa karibu na alipoanguka, kwa sababu joto la mwili ndilo linaloharibu nyama. Analazwa chali, anafunguliwa kuanzia kinena hadi kidari, kisu makali juu vilevile kama fundi alivyosema, kisha anageuzwa damu itoke na kifua kinatanuliwa kwa kijiti kipoe. Matumbo hayaachwi karibu na njia wala maji.

Huku kuna ugonjwa wa ubongo wa kulungu uliogunduliwa kwanza Colorado, na jimboni kwetu ulionekana mwaka 2002. Kwa hiyo tunavaa glovu, hatukati uti wa mgongo wala ubongo, na wengi tunapeleka kichwa kupimwa kabla ya kula. Wewe huna shida hiyo kwa mbuzi, lakini glovu zivae.

Kijana wa Rau:
Na mtu akitaka kumfanyia hivyo swala?

Fundi wa Bucha Majengo:
Bila leseni usimguse, mdogo wangu. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 inakubana hata kwa kukutwa na nyama yake.

Dokta Mifugo:
Mleta uzi, mwite afisa mifugo wa kata kabla ya tarehe 27, awaone mbuzi wakiwa hai na aje tena vya ndani vikitoka. Akiwa njiani, msitenganishe ini na mapafu mkavificha. Malengelenge yaliyojaa maji kwenye ini au mapafu ni minyoo ya mbwa. Mbwa akila hayo mabichi, mayai yatarudi uani na watoto wataambukizwa. Yachomwe, au yazikwe kwenye shimo refu mbwa asipoweza kufukua.

Lingine ni zito zaidi. Mbuzi akikutwa amekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au mkunduni, asifunguliwe hata kidogo. Hicho kinaweza kuwa kimeta, na kumpasua ndiko kunakosambaza vijidudu. Afukiwe mbali na watu na mifugo, ila piga simu kwanza.

Mwana wa Uru:
Asanteni sana, wakuu, na shikamoo Mama. Nimempigia afisa mifugo, atakuja saa moja asubuhi. Tawi la mringaringa nimelijaribu leo, linabeba. Dokta, ini likiwa safi ila lina alama nyeupe ndogondogo, nimwoneshe pia?

Dokta Mifugo:
Mwoneshe. Asipokuwa bado amefika, liweke pembeni kwenye beseni lake, usilichanganye na nyama.