Naomba ushauri: nini hasa kilimbadilisha Mary Lennox?

Habari zenu wadau. Nasoma The Secret Garden ya Frances Hodgson Burnett (1911) pamoja na binti yangu, na tumebishana mpaka chai imepoa. Yeye anasema Mary, yule mtoto jeuri aliyezoea kuvishwa hata viatu na yaya kule India, alibadilishwa na bustani. Mimi naona alianza kubadilika kabla hajaufungua ule mlango wa bustani: Martha, mtumishi wa nyumba alikohamia Uingereza, alipomshangaa hajui kujivalisha, kisha mzee Ben Weatherstaff, mtunza bustani, akamwambia waziwazi kuwa wote wawili wana sura mbaya na hasira kali. Nani aliwahi kumwambia ukweli? Na usiku ule alipomfokea Colin, binamu yake aliyedekezwa, ilikuwa huruma, au alijiona mwenyewe? Mliokisoma, nisaidieni.